Kalala usiku kucha, mbona anasinzia darasani? Tuielewe oreksini

Mtu akisinzia mchana hapa Mtwara, hukumu yake hutoka kabla hajafumbua macho. Akiwa mwanafunzi, ni mvivu, au kakesha kwenye simu. Akiwa mlinzi wa ghala la korosho, kanywa uraka. Akiwa binti aliyechezwa unyago juzi, kina mama watatazamana na mmoja wao atauliza kwa sauti ya chini kama ameshapimwa mimba. Na kama kusinzia huko ni kwa kila siku, mwaka unaisha mwingine unaingia, na juu yake mtu huyo huanguka akicheka, basi habari huondoka zahanati ikahamia kwa mganga.

Siku hizi zimeongezeka na habari za kwenye simu. Makundi ya WhatsApp yanapitisha habari za oreksini, kemikali ya ubongo ambayo leo unaambiwa ipo dawa ya kuizuia ili ulale, na kesho unaambiwa ipo dawa ya kuiongeza ili usilale. Msomaji anabaki njia panda: izuiwe au iongezwe? Habari zote mbili ni za kweli, ila zinawahusu watu wawili wenye shida mbili tofauti. Zinafika bila maelezo ya kazi yenyewe ya oreksini, ndiyo maana zinachanganya. Kazi hiyo ikishaeleweka, mengi yanayosemwa juu ya watu wanaosinzia yanaanguka yenyewe, na wapo vijana hapa Kusini ambao wangeondokewa na lawama hata kabla ya kupata dawa.

Tuanze na maana

Seli za neva ndani ya ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali. Seli moja humwaga kemikali kidogo sana, na seli ya jirani huipokea kwa kipokezi, yaani sehemu ya ukuta wake iliyoumbwa kwa ajili ya kemikali hiyo na si nyingine. Oreksini ni mojawapo ya kemikali hizo za ujumbe. Ni protini fupi, ipo ya aina mbili, na vipokezi vyake ni viwili. Kwa habari ya usingizi, kipokezi cha pili ndicho chenye uzito zaidi. Wataalamu wengine huiita haipokretini. Ni kitu kilekile, usidhani ni viwili.

Hutengenezwa mahali pamoja tu: kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini katikati ya ubongo, yenye uzito wa gramu 4 hivi, ambayo pia husimamia njaa, kiu na joto la mwili. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zinazokadiriwa kufika bilioni 86. Zinazotengeneza oreksini ni kama 70,000. Hiyo ni chini ya seli moja katika kila milioni. Lakini nyuzi za seli hizo chache husambaa karibu ubongo mzima na kushuka hadi kwenye uti wa mgongo, na ndiyo maana zikifa, mwili mzima unaona.

Sasa usingizi wenyewe. Kuna mambo mawili makubwa yanayouleta. La kwanza ni uchovu wa ubongo: kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya na kukuvuta ulale. Kahawa na chai ya rangi hukuchangamsha kwa sababu kafeini huziba vipokezi vya adenosini kwa saa kadhaa. Uchovu wenyewe hauondoki, umezuiwa tu usisikike. La pili ni saa ya mwili, ambayo hupangwa na mwanga wa jua na kuujulisha mwili kwamba usiku umeingia.

Ndani ya ubongo kuna pande mbili zinazoshindana. Upande wa kukaa macho una vituo vinavyomwaga histamini, noradrenalini, dopamini, serotonini na nyinginezo. Upande wa kulala una kituo chake mbele ya haipothalamasi. Upande mmoja ukipata nguvu, huunyamazisha mwingine. Kwa hiyo mtu mzima wa afya hupita kati ya kulala na kuamka kwa muda mfupi tu, kisha hutulia upande mmoja kwa saa nyingi.

Ni nini kinachomfanya atulie? Hapo ndipo oreksini inapoingia. Mchana seli zake huvichochea vile vituo vya kukaa macho, vyote kwa pamoja, na kuvishikilia visilegee. Usiku hunyamaza.

Wavuvi wa Shangani na Mikindani hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Ngalawa ina matengo, yale ya kulia na kushoto yanayogusa maji. Matengo hayasukumi chombo, kazi hiyo ni ya upepo na tanga. Yaondoe, na ngalawa bado itaelea, tanga bado litashika upepo, lakini kila wimbi dogo litailaza upande huu, kisha upande ule. Oreksini kwa ubongo ndiyo matengo. Asiye nayo anaweza kuamka, akatembea, akafanya hesabu, akapika. Anachoshindwa ni kubaki hapo. Kinachompata hasa ni kuyumba, na huyumba pande zote mbili: mchana anatumbukia usingizini, usiku anatumbukia macho.

Hilo la usiku lishike vizuri. Watu wengi hudhani mgonjwa wa aina hii analala kupita kiasi. Wakipimwa saa 24, wengi wao hulala jumla ya saa zisizotofautiana sana na za wengine. Tofauti ni kwamba usingizi wao umekatika vipande vipande na kutawanywa mchana na usiku. Kumwambia "lala mapema" ni kumpa ushauri ambao haufiki kwenye shida yake.

Ilivyogunduliwa

Dalili zilijulikana zamani kabla ya chanzo. Mwaka 1880 daktari wa Ufaransa, Gélineau, aliandika juu ya mgonjwa aliyekuwa akipatwa na usingizi wa ghafla mara nyingi kwa siku, akaupa ugonjwa jina la nakolepsi. Karibu na mwaka 1917, mjini Vienna, daktari Constantin von Economo aliwachunguza wagonjwa wa homa ya ubongo iliyokuwa ikienea wakati ule. Waliolala mfululizo alikuta wameharibika nyuma ya haipothalamasi, na walioshindwa kulala kabisa wameharibika mbele yake. Alikuwa ameshaelekeza kidole mahali penyewe, ila kemikali ilikuwa bado haijulikani.

Ilijulikana mwaka 1998. Vikundi viwili nchini Marekani viliitangaza karibu wakati mmoja bila kushirikiana: kimoja cha California alimokuwamo Luis de Lecea, kingine cha Texas cha Masashi Yanagisawa na Takeshi Sakurai. Wa Texas walidhani wamepata kemikali ya njaa, kwa sababu panya waliodungwa ubongoni walikula zaidi. Wakatengeneza panya wasioweza kuzalisha oreksini, wakitarajia wakonde. Panya ni mnyama wa usiku, kwa hiyo waliwarekodi gizani kwa kamera zinazoona bila taa. Walichokiona si kukonda. Panya alikuwa akikimbia, akijisafisha, mara anaanguka kama alivyo, anakaa kimya kidogo, kisha anaendelea na alichokuwa akikifanya. Mwanzoni walifikiri ni kifafa.

Kumbe Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa kimefuga kwa miaka mingi mbwa wa aina ya Doberman na Labrador waliozaliwa na nakolepsi. Mbwa hao wakiwekewa chakula kitamu walifurahi mpaka miguu ikaishiwa nguvu, wakalala kifudifudi mbele ya sahani. Emmanuel Mignot aliitafuta jeni yao kwa takriban miaka kumi, na mwaka 1999 akaipata: ni ile ya kipokezi cha pili cha oreksini, nayo ilikuwa imeharibika. Mwaka uleule panya wa Texas nao wakatangazwa. Mwaka 2000 watafiti walichunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na nakolepsi, wakakuta seli za oreksini zimepotea kwa asilimia 85 hadi 95, ilhali seli za jirani zake zipo salama. Miaka miwili tu toka kemikali kugunduliwa mpaka chanzo cha ugonjwa wa karne nzima kujulikana! Mignot na Yanagisawa walitunukiwa tuzo ya Breakthrough ya mwaka 2023 kwa kazi hiyo.

Binti anayeanguka akicheka

Chukua binti wa miaka 14, tuseme yuko uani kwao jioni anapepeta mpunga. Binamu yake anamwigiza mwalimu wa hesabu. Binti anaanza kucheka. Kwanza taya linalegea na maneno yanakwama, kisha kichwa kinainama, ungo unamteleza mikononi, magoti yanakunjika, anakaa chini mpungani. Hajapoteza fahamu. Anamsikia bibi yake akipiga kelele, "Jamani kifafa, leteni kijiko!" Anawasikia wanaokimbia. Anataka kusema "niko sawa, bibi", lakini mdomo haumtii. Baada ya nusu dakika nguvu zinarudi, anainuka na kuanza kukusanya mpunga, na aibu imemjaa.

Hiyo inaitwa kataplekisi, na ndiyo dalili inayoitambulisha nakolepsi kuliko nyingine zote. Huletwa na hisia za ghafla, hasa kicheko, wakati mwingine mshangao au hasira. Hudumu sekunde chache hadi dakika mbili hivi. Si lazima mtu aanguke. Wengine ni kope kulegea tu, au kijiko kumtoka mkononi.

Kwa nini kicheko kimuangushe mtu? Usiku, tunapoota, macho huchezacheza chini ya kope na ubongo hufanya kazi kwa kasi, lakini misuli ya mikono na miguu huzimwa ili tusiamke tukakimbia ndoto. Huo ndio usingizi wa ndoto. Kwa kawaida huja kama saa moja na nusu baada ya kulala. Oreksini ikikosekana, vipande vya usingizi huo huingia mahali pasipo pake. Kuzimwa kwa misuli kukiingia mchana mtu akiwa macho, ndiyo kataplekisi. Ndoto zikiingia kabla hajalala vizuri, anaona watu chumbani au anasikia akiitwa. Na misuli ikiwa bado imezimwa wakati akili imeshaamka, ndilo jinamizi.

Hapa nisieleweke vibaya. Watu wengi wasio na ugonjwa wowote wamewahi kukabwa na jinamizi, hasa wakiwa na uchovu wa siku nyingi au wakilala chali. Ukikabwa mara moja moja, usianze kujihesabu kuwa una nakolepsi. Vilevile si alama kwamba jirani amekutumia kitu. Ni mwili uliochelewa kuamka nyuma ya akili, na hupita wenyewe. Kusoma dua kabla ya kulala humtuliza mtu, na utulivu ni msaada. Kinachodhuru ni kumsaka mchawi, maana hapo undugu huvunjika kwa jambo lililotokea ndani ya shina la ubongo.

Kinachohitaji daktari ni mkusanyiko: kusinzia kusikozuilika kila siku kwa zaidi ya miezi mitatu, hata mtu akiwa amelala vya kutosha, pamoja na kulegea anapocheka, au majinamizi ya mara kwa mara, au usiku uliokatikakatika. Mara nyingi huanza kati ya miaka 10 na 30. Yaani umri wa shule na umri wa kutafuta maisha. Ipo pia nakolepsi ya aina ya pili, isiyo na kataplekisi, ambayo oreksini ya wengi wao hukutwa ya kawaida na chanzo chake hakijaeleweka vizuri.

Ni ugonjwa adimu, ila si adimu kama tunavyodhani. Makadirio ya Ulaya na Marekani ni mtu 1 katika 2,000 hivi. Sensa ya 2022 iliihesabu Mtwara kuwa na watu zaidi ya milioni 1.6. Hata kiwango chetu kikiwa robo tu ya hicho cha huko, bado ni watu kama 200 mkoani. Hii ni hesabu ya kukisia, siyo takwimu, lakini inatosha kumfanya mwalimu asite kabla ya kuinua fimbo. Mimi ndilo linaloniuma zaidi: mtoto kuchapwa kwa sababu ya seli ambazo zimeshakufa na hazirudi.

Zinauawa na nini? Ushahidi mwingi unaelekeza kwenye kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Zaidi ya wagonjwa 9 katika 10 wenye kataplekisi wana aina fulani ya jeni ya kinga, ingawa watu wengi sana wenye jeni hiyo hawaugui kamwe. Kwa hiyo panahitajika kichocheo kingine, na mafua makali ni mojawapo. Baada ya mlipuko wa mafua ya H1N1 wa mwaka 2009, wagonjwa wapya waliongezeka China. Huko Finland na Sweden ongezeko lilionekana kwa watoto na vijana waliochanjwa chanjo moja ya mafua hayo iitwayo Pandemrix. Chanjo hiyo haitumiki tena, na haimo katika chanjo wanazopewa watoto wetu kliniki. Nalitaja kwa sababu limeshageuzwa huko mitandaoni kuwa "chanjo zinaharibu usingizi", jambo ambalo halikuonekana.

Si malale, wala si kifafa

Kwetu Kusini mchanganyiko mkubwa uko hapa. Ukisema "ugonjwa wa usingizi", mzee wa Liwale au Nachingwea, aliyekulia karibu na mapori ya Selous, atafikiria malale mara moja, na ana haki yake. Malale huletwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o. Huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na viungo, wakati mwingine kidonda mahali mtu alipoumwa, kisha vijidudu huingia ubongoni na kuuvuruga usingizi, mtu akalala mchana na kukesha usiku. Malale ya upande wetu wa Afrika hwenda haraka, wiki hadi miezi, na yasipotibiwa huua. Vijidudu huonekana kwenye damu kwa darubini. Nakolepsi haina homa, haina mdudu, haiambukizi, na mtu huishi nayo mpaka uzee. Aliyeumwa na mbung'o akapata homa asikae nyumbani kusubiri.

Kifafa nacho kina njia ya kutofautisha. Katika kifafa cha kuanguka, mtu hupoteza fahamu, mwili hukakamaa na kutikisika, na akizinduka huwa amechanganyikiwa. Katika kataplekisi mwili hulegea badala ya kukakamaa, na mtu atakueleza neno kwa neno ulichosema alipokuwa chini. Kijiko mdomoni hakifai kwa yeyote kati yao. Kinavunja meno, na kinaweza kumkaba mtu.

Na kabla ya yote hayo, sababu za kawaida za kusinzia ni za kawaida kweli. Mvuvi wa dagaa aliyetoka usiku wa giza akarudi alfajiri ana deni la usingizi. Hivyo hivyo kijana anayeamka saa kumi alfajiri kupulizia mikorosho salfa kabla upepo haujaamka, kisha jioni yuko kwenye kigodoro. Upungufu wa damu, malaria isiyoisha, mimba, mfadhaiko, na kukoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika usiku, vyote humfanya mtu asinzie na oreksini yake ni nzima. Ndiyo maana daktari huanza na hivyo.

Hata ule usingizi wa baada ya ubwabwa wa mchana una oreksini ndani yake. Katika majaribio ya panya, sukari ikipanda, seli za oreksini hupungua kasi, na panya mwenye njaa zikiwa kazini hukaa macho akitafuta chakula. Inaleta maana: mwenye njaa hana nafasi ya kulala. Ila usiulaumu wali peke yake, maana saa ya mwili nayo huteremka kidogo alasiri hata kwa asiyekula.

Dawa ya kuizuia

Sasa turudi kwenye zile habari mbili za simu. Mwenye kukosa usingizi ana shida iliyo kinyume: usiku ukiingia, upande wake wa kukaa macho haunyamazi. Watafiti wakajiuliza, je, tukiviziba vipokezi vya oreksini kwa saa chache? Dawa ya kwanza ya aina hiyo, suvorexant, iliidhinishwa Marekani mwaka 2014, ikafuatiwa na lemborexant mwaka 2019 na daridorexant mwaka 2022.

Tofauti yake na vidonge tulivyovizoea ni kubwa. Diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, hupunguza kasi ya ubongo kwa upana. Mwili huizoea, kuiacha huwa vigumu, na ikichanganywa na pombe inaweza kupunguza kupumua mpaka mtu akafa. Piriton, ambayo nyumba nyingi hapa humeza kama dawa ya usingizi, ni dawa ya mzio. Inalaza kwa sababu inaziba histamini, kemikali ya mojawapo ya vile vituo ambavyo oreksini huvishikilia. Hulewesha mpaka asubuhi, na ukiimeza usiku mfululizo hupungua nguvu. Uraka nao hukuingiza usingizini upesi, kisha saa nane usiku umekodoa macho, kwa kuwa pombe ikishapungua mwilini usingizi hukatika.

Vizuizi vya oreksini haviulazimishi ubongo kulala. Vinaondoa tu kile kinachoushikilia macho. Hata hivyo si vidonge vya kujaribu. Vinaweza kuacha usingizi wa asubuhi, kuleta majinamizi, na mwenye nakolepsi hapaswi kuvitumia kabisa. Ni dawa za cheti cha daktari, na kwa mtu mwingi asiyelala, kinachopendekezwa kwanza bado ni tiba ya mazungumzo na kubadili mazoea ya kulala: kuamka saa ileile kila siku, kutobaki kitandani ukigaagaa, kuacha kulala mchana.

Na ya kuiongeza

Kwa mwenye nakolepsi mtu atauliza: si apewe oreksini tu? Haiwezekani kuimeza, kwa sababu ni protini na tumbo litaimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Ukiona mtu anauza "oreksini ya asili" kwenye chupa, au chakula kinachodaiwa kuiongeza, weka hela yako mfukoni. Kilichohitajika ni kidonge kidogo kinachofika ubongoni na kukichochea kipokezi cha pili badala ya oreksini iliyopotea. Kampuni ya Takeda ya Japani ilitengeneza kimoja. Kiliwafanya wagonjwa wakae macho, lakini majaribio yakasimamishwa mwaka 2021 kwa sababu ya madhara kwenye ini. Kilichofuata, kiitwacho oveporexton, kilitoa matokeo mazuri hadi hatua ya tatu ya majaribio, yaliyotangazwa mwaka 2025: kusinzia na kataplekisi vilipungua sana, na madhara yaliyoonekana zaidi yalikuwa kukosa usingizi na kukojoa mara kwa mara. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote, kwa sababu ni mara ya kwanza kwa tiba kugusa chanzo chenyewe. Dawa za zamani, kama modafinil na methylphenidate za kuchangamsha au venlafaxine ya kuzuia kuanguka, hupunguza dalili tu. Zinasaidia hata hivyo, tena sana.

Kwa mzazi wa Tandahimba au Ruangwa mwenye mtoto wa namna hii, pa kuanzia ni daftari. Andika kwa wiki mbili saa anazolala na kuamka, mara anazosinzia, na kilichotokea kabla ya kuanguka. Akianguka, mrekodi kwa simu, halafu mguse umwambie unajua anakusikia. Video hiyo ya sekunde ishirini itamsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima. Nenda nayo hospitali, iwe Ligula, Sokoine ya Lindi au Ndanda, apimwe damu na malaria kwanza, kisha uombe rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu kama wale wa Muhimbili. Kipimo kamili ni cha usiku mzima akiwa amefungwa waya za kupima ubongo, kikifuatiwa na vipindi vinne au vitano vya kulazwa mchana. Anayelala kwa wastani wa dakika 8 au chini ya hapo, na mara mbili akaingia usingizi wa ndoto ndani ya dakika 15, jibu lake linaelekea kupatikana. Njia nyingine ni kupima oreksini kwenye maji ya uti wa mgongo.

Wakati mnasubiri, zungumza na mwalimu wa darasa. Usingizi wa dakika 15 hadi 20 saa ya mapumziko humpa mtoto huyu saa kadhaa za kusoma akiwa timamu, na hautaki dawa wala hela. Asiendeshe bodaboda, asiogelee peke yake, asiachwe peke yake na jiko la mkaa au chombo baharini. Na akishaandikiwa dawa ya kuzuia kuanguka, isikatishwe ghafla kwa kuwa imeisha au kwa kuwa anaonekana amepona. Ikikatishwa hivyo, kuanguka hurudi kwa wingi, wakati mwingine mara nyingi ndani ya siku moja, kwa hiyo rudi kwa daktari kabla pakiti haijaisha.